Msitu Niliompa Deo

Jumatatu, 8 Machi 1993

Nimeshinda msituni. Mvua asubuhi, jua kali mchana. Tumechagua mikaratusi ya kukata upande wa bondeni. Tata Ntumba, mtunzaji wa msitu wetu tangu enzi za Baba, yuko mbele na panga, anakwangua gome la mti unaoondoka. Mimi nyuma yake. Anaacha ulionyooka, anatoa uliopinda na ule unaowanyima wenzake mwanga. Baba alipanda, Ntumba akalea. Mimi nilirithi tu.

Kampuni ya migodi haichukui nguzo zetu tena. Kampuni haichukui kitu. Amebaki Ramazani na lori lake, anapeleka mbao Likasi. Alikuja, akapakia. Kwa kawaida hukaa akanywa chai, akanisimulia habari za njiani. Leo alikataa chai. Alisema kuna baryeri mbili mpya, vizuizi vya nguzo, kwenye barabara hii ya Nzilo, kati ya hapa na mjini. Vijana wana fimbo, wanauliza kila mtu anatoka wapi. Alipokuwa akisema hivyo hakumtazama Ntumba.

Ntumba aliendelea kufunga kamba.

Jumatano, 10 Machi

Mjini nyumba za Wakasai zimepigwa alama za chokaa mlangoni. Wazee wao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli na migodi. Sasa wanaitwa bilulu. Wadudu. Nimelisikia neno hilo uani kanisani, mdomoni mwa mama ninayeimba naye kwaya.

Ntumba ni Mkasai, lakini alizaliwa hapa Kolwezi. Kasai hajaiona hata siku moja.

Mama Mbuyi, mke wake, amerudi kutoka sokoni bila kikapu na bila kitenge cha juu. Hakulia. Aliingia ndani akaanza kupika. Watoto wao watatu hawaendi shule tena. Wanakaa katika nyumba ya matofali aliyoijengea Baba familia hiyo, ndani kabisa ya msitu. Nimewaambia wasitoke.

Ninaogopa. Naandika ili nisiseme.

Ijumaa, 12 Machi

Deo amekuja. Mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa fundi katika karakana ya Kampuni mpaka walipowarudisha wote nyumbani. Sasa amefunga kitambaa chekundu mkononi kama wenzake wa baryeri. Nilimwekea bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo. Alikula yote, akanawa, ndipo akasema.

"Yaya, ule mu-Kasai atoke. Mi minakuambia juu uko dada yangu. Bengine hawatakuambia, batakuya tu."

"Na msitu?"

"Msitu ni ya Baba. Na mi ni mutoto yake."

Hapo hakosei. Baba aliniachia mimi kwa sababu mimi ni mjane, na Deo alikuwa na kazi nzuri ya Kampuni. Nani alijua kwamba Kampuni inaweza kufa? Deo hajawahi kulimeza jambo lile. Anataka kukata yote, achome makala, makaa ya kuuza. Makala yanauzwa hata kama dunia inaanguka, anasema.

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka. Alifunga mlango taratibu. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili, 14 Machi

Sikwenda misa. Moshi juu ya mji, sehemu tatu, nne. Huku msituni unasikia kelele kwa mbali kama za watu walio kwenye uwanja wa mpira.

Nilimwambia Ntumba aondoke. Alikuwa ananoa msumeno. Akauliza: "Niende wapi, Mama?"

Jumatatu, 15 Machi

Wamekuja. Kundi zima la vijana wa baryeri, kwa miguu. Walichukua nguzo zetu zilizokauka kwenda kufungia barabara. Hawakuuliza. Mmoja alimpiga Ntumba begani kwa ubapa wa panga, kisha tena, kisha tena, mpaka akapiga goti. Mama Mbuyi alikuwa mlangoni, amewakumbatia watoto. Nilipiga kelele. Hakuna aliyegeuka.

Deo alikuwa pamoja nao. Hakupiga. Hakuzuia. Alisimama akitazama miti, anaipima kwa macho.

Nilitaka kumrushia jiwe. Nilikuwa nimeshaliokota.

Kabla ya kuondoka wakasema: wakirudi wakimkuta Ntumba, watachoma nyumba na waliomo.

Jumanne, 16 Machi

Nimekwenda kwa Deo, asubuhi mapema. Kwa miguu, mvua yote juu yangu. Mkewe alinipa kiti. Nilikataa.

Nilisema: "Chukua msitu."

Alidhani ninamtega. "Yaya, unasema nini?"

"Chukua wote. Bondeni na mlimani, na karatasi za ardhi. Natia sahihi leo. Lakini kesho unapanda lori la Ramazani pamoja nami, na Ntumba na mke wake na watoto watafika stesheni, wanakongojea treni wenzao. Wazima. Wewe mwenyewe unawapitisha."

Mkewe alikuwa anachambua maharagwe, mikono yake ikasimama.

"Banaweza kuniua, Yaya."

"Ndiyo bei yake."

Alikubali. Nimetia sahihi kwenye meza yake, kati ya maharagwe. Njiani kurudi nikakaa kwenye majani yaliyolowa.

Kazi yote ya Baba. Maisha yote ya Ntumba. Nimeuza, na mnunuzi ni yule niliyemfukuza Ijumaa.

Ntumba sijamwambia. Nimemwambia tu kwamba Deo atatusindikiza.

Jumatano, 17 Machi

Sasa naweza kuandika.

Ramazani alisita. Aliniambia kando: "Mama, hata mi bananiuliza. Baba yangu ni mutu wa Kasongo, si mutu wa huku. Leo ni bo ba-Kasai, kesho njo mi." Kisha akatema mate chini, akafungua mlango wa lori. Mungu amlipe.

Tulikwenda mchana, wazi. Deo alisema kujificha ndiko kunakoua. Familia juu, kwenye magodoro na sufuria. Mbele: Ramazani, mimi katikati, Deo dirishani na kitambaa chake chekundu nje wakione.

Baryeri ya kwanza walimsalimia Deo, wakacheka, wakavuta nguzo. Ya pili haikuwa hivyo. Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye koti la mvua, alipanda kwenye gurudumu akatazama nyuma.

"Deo. Unabeba bilulu sasa?"

Deo alishika kishikio cha mlango.

"Mwanaume ashuke," akasema yule kijana. "Bengine bapite."

Nikasikia Mama Mbuyi huko juu anasema hapana, hapana, hapana. Na hatua za Ntumba. Alikuwa anashuka. Alikuwa anashuka kweli, ili wengine wapite.

Deo akafungua mlango. Nilidhani anakimbia. Alizunguka nyuma ya lori, akasimama kati ya Ntumba na vijana. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto.

"Huyu alinibeba ku mugongo mpaka hospitali, surua ilikuwa inaniua. Baba hakukuwa ku nyumba. Njo yeye alinibeba. Kama munamutaka, muanze na mi."

Yule mrefu alimpiga kofi. Deo akabaki amesimama. Kofi la pili. Damu mdomoni. Walimvua kitambaa chekundu, wakakitupa kwenye matope. Kisha mmoja wao, sijui kwa nini, pengine kwa kuchoka, akavuta nguzo.

Nguzo yetu. Niliona alama ya panga la Ntumba.

Deo alipanda tena, akatufikisha stesheni. Jambo la kusimama mbele yao halikuwa ndani ya mapatano. Nilimwambia awapitishe. Sikumwambia ajitoe. Sijui nimweke wapi mtu huyu moyoni mwangu.

Ijumaa, 19 Machi

Stesheni. Sijawahi kuona watu wengi namna hii wasio na sauti. Wamejaa kwenye majukwaa, kwenye reli, mpaka chini ya mabehewa mabovu. Vitanda, cherehani, mbuzi, bibi aliyeketi kwenye kabati. Hakuna treni. Wengine wanasema wiki hii, wengine wanasema hakuna mafuta. Mvua inawanyeshea wote.

Niliwapelekea unga. Ntumba aliniuliza kwa nini Deo alikubali. Sikuweza kumdanganya usoni. Nikamwambia.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele:

"Ungeniuliza."

"Wangekuua."

"Ungeniuliza, Mama. Ile miti mi njo niliikomalisha. Mi ningekwenda kwa miguu, porini, na bibi na batoto. Ungeniuliza."

Alinigeuzia mgongo. Nilikaa pale kama mjinga na unga wangu. Nimekasirika. Nimetoa kila kitu nilichokuwa nacho na mtu ananigeuzia mgongo. Na kwenye barabara yote ya kurudi nilijua kwamba ana haki.

Jumanne, 23 Machi

Wanakata. Nasikia kutoka kwenye baraza yangu. Deo amewaleta vijana kumi na kitu, na shoka. Hawachagui. Wanaangusha mti juu ya mti. Iliyonyooka ambayo ingekuwa mbao za milango inakatwa vipande vya tanuri la makala. Nilifunga madirisha. Haikusaidia.

Mchana nilimwendea Deo nyumbani kwake nikamwomba rundo la nguzo nyembamba lililobaki. Hakuuliza za nini. Alisema chukua.

Ramazani alinipelekea stesheni, na turubai mbili. Ntumba hakuzigusa. Mama Mbuyi alianza kuzichimbia mwenyewe, na baba mmoja jirani, karani wa zamani, akamsaidia. Walizisimamisha, zikaanguka. Wakasimamisha tena. Ntumba alivumilia kidogo. Mwisho akainuka, akachukua kamba. Jioni kulikuwa na paa juu ya familia sita.

Hakuniaga. Lakini alipotaka nguzo alininyoshea mkono, na mimi nikampa.

Jumamosi, 3 Aprili

Kabedi, mtoto wao wa mwisho, anaharisha tangu juzi. Macho yameingia ndani. Watoto wanakufa pale. Wanazikwa nyuma ya karakana za reli, kwa haraka. Asubuhi Ntumba alipasua nguzo mbili za paa lake mwenyewe kumtengenezea sanduku mtoto wa yule karani. Sanduku dogo sana. Alipomaliza alirudi akakaa karibu na Kabedi, akawa anatazama zile nguzo zilizobaki.

Masista wamenipa chumvi ya kuchanganya na maji. Mimi na Mama Mbuyi tunamnywesha kijiko kwa kijiko. Anatapika. Tunaanza tena.

Nimerudi kuleta mablanketi tu. Narudi kule sasa hivi.

Jumatatu, 5 Aprili

Kabedi ameomba bukari. Mama Mbuyi alicheka kwa sauti, watu wakageuka kumtazama. Mimi nililia nyuma ya behewa.

Alhamisi, 8 Aprili

Treni imekuja. Alhamisi Kuu, na hakuna aliyekumbuka.

Mabehewa ya mizigo, yale ya madini. Watu walipanda kwa milango, kwa paa, kwa migongo ya wenzao. Nilimpandisha Kabedi mimi mwenyewe, juu ya vichwa vya watu, mkono mmoja ukampokea, sikuona wa nani. Kisha nikamwona Mama Mbuyi amemshika, nikapumua. Alivua rozari yake akanitupia. Sikuwa na kitu cha kumrushia.

Ntumba alipanda wa mwisho, akakaa mlangoni, miguu inaning'inia. Tangu siku ile ya unga hatukuwa tumesema ila mambo ya maji na dawa. Treni ilikwishaanza kusogea. Nilitembea pembeni yake.

"Banachoma makala fasi gani?" akauliza.

"Pale pale. Kati ya visiki."

Uso wake ukakunjamana. "Basiache moto inafika ku bisiki, Mama. Kama haiungui, itachipuka. Chipukizi mbili kwa kila kisiki, ingine utoe. Umwambie Deo."

"Nitamwambia."

"Mbili tu. Zikiwa nyingi zinaharibika."

Nikawa nakimbia sasa. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilichosema ni: "Mbili." Aliitika kwa kichwa. Kisha jukwaa likaisha.

Jumapili, 18 Aprili

Baada ya misa nilichukua jembe nikaenda msituni. Sikuwa nimefika huko tangu walipoanza kukata. Anga kubwa mno. Unaona mpaka ng'ambo ya bonde, mahali ambapo hapakuwa na ng'ambo.

Vijana wameondoka. Walibeba makala kwa lori lao, wakamwambia Deo kwamba mtetezi wa bilulu hana fungu. Amebaki na matawi, majivu na karatasi yenye sahihi yangu. Mkewe ndiye aliyenieleza, kanisani. Nilingoja nifurahi. Furaha haikuja.

Nilianzia mlimani. Natoa matawi makavu kuzunguka kisiki, nalima majani pembeni, nahamia kingine. Visiki vingine vimeungua, hivyo vimekufa. Vingi bado. Mvua zinaisha, na kiangazi moto hautangoja mtu.

Deo alitokea upande wa bondeni. Alisimama mbali kidogo, midomo yake bado na kovu. Nilimweleza alichosema Ntumba, neno kwa neno, na zile chipukizi mbili. Akaenda kwenye nyumba ya matofali, akarudi na jembe.

Tulifanya kazi mpaka jua lilipolegea. Nilikuwa nimebeba viazi vya kuchemsha, nikamkatia nusu. Alikula amesimama, kisha akarudi kwenye mstari wake.

Mikono inaniuma. Kesho tutafanya upande wa barabara.