Colgate na Pua ya Kaizari

Fiona wee, acha chochote unachofanya usome hii. Lois wetu leo nusura afutwe kazi!

Unamjua yule mzee anayemtunza kule Maplewood, Marekani, yule anayekusanya sarafu za kale? Leo mtaalamu alikuwa anakuja kukagua medali yake ya dhahabu, ile kubwa yenye sura ya kaizari wa Roma. Sasa Lois angekubali vipi mgeni aingie akute kitu kimefifia? Akaisugua kwa mswaki. Na Colgate.

COLGATE, Fiona!

Ikang'aa kweli, halafu pua ya kaizari ikawa nyekundu. Lois akajiona tayari yuko kwa ndege ya Nairobi.

Mtaalamu akaikagua kwa lenzi, kisha akauliza ni nani ameiosha. Lois, machozi yakimlengalenga: "Ni mimi."

"Asante," akamwambia. "Dhahabu ya kweli haitoki kwa mswaki. Hii ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu."

Miaka arobaini mzee anailinda! Lois hakujua aangalie wapi.

Mzee akashusha pumzi, akamgeukia.

"Lois, kabatini kuna zingine kumi na moja. Lete hiyo Colgate."