Anayerekodi Haimbi

Encarnación, Jumapili 15 Machi 1998

Kaka Eladio,

Hujambo huko Lanús? Joto limepungua au bado mnachomwa juu ya mapaa? Sisi wazima. Mama anaamka na mgongo wake, akishaanza kukanda unga wa chipa, vile vimkate vyake vya jibini vya kuuza, anausahau. Mimi sijambo, ila shuleni bado siongei. Mwalimu amemwandikia Mama kwamba nina adabu sana. Mama amefurahi, hakuelewa kwamba ni malalamiko.

Kaseti ya onyesho la Faroles Mojados uliyorekodi imefika salama, dereva wa basi alimkabidhi Mama stendi pamoja na blanketi. Nimeisikiliza wakati wa usingizi wa mchana, mtaa mzima kimya, nimejilaza sakafuni kwenye vigae vya baridi. Kaka, mwanzoni nilidhani lile ni gitaa. Kumbe ni watu! Wimbo umekwisha, bendi imenyamaza, na umati wote unaendelea kuimba gitaa lenyewe, bila maneno, oo-oo-oo, kama vile hawataki kulirudisha kwa mwenyewe. Nilifumba macho nikahisi vigae vinaelea. Mama aliponiita sikujua niko nchi gani.

Lakini nimekutafuta humo ndani sikukupata. Namsikia mtu aliyesimama karibu nawe akikohoa. Namsikia msichana anayemwita Arzuaga, mwimbaji wao, "mume wangu, niimbie mimi peke yangu." Wewe husikiki hata kidogo. Librada, yule ninayekaa naye dawati moja, anasema, "Kaka yako hakwenda popote, amenunua kaseti sokoni." Kweli?

Halafu lile swali letu la siku zote: wimbo wetu, Lapacho, hawajaupiga?

Siri moja. Mwalimu wa Kiguarani ametuambia kila mtu achague wimbo wa Kihispania autie kwenye Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani. Wenzangu wamechagua nyimbo za redioni. Mimi nimechagua Lapacho. Hakuna anayeujua, kwa hiyo hakuna atakayenicheka.

Mdogo wako,
Yerutí


Lanús, 2 Aprili 1998

Yerutí, bubu wangu,

Habari za hapo nyumbani? Mwambie Mama aache kubeba mzigo wa kuni peke yake, na wewe uwe unaamka mapema umsaidie, usijifanye msomi. Mimi nadunda tu. Tunabomoa hospitali ya zamani, nimepewa mashine ya kutoboa zege. Jioni nikiiacha, mikono inaendelea kutetemeka yenyewe, nikishika kikombe chai inacheza polka.

Mwambie Librada aje huku nimwoneshe soko lenye kaseti kama zangu! Sikiliza nikufundishe kazi. Kinasa sauti kinakaa mfuko wa ndani wa jaketi, kipaza sauti kimetokeza kwenye kola, umekifunika na skafu ili walinzi wasione. Sasa mdomo wako uko wapi? Uko juu yake, karibu kabisa. Ukiimba, kaseti nzima ni wewe, bendi inakuwa mbu wa mbali. Ndiyo maana sisi tunaorekodi tuna sheria moja tu: anayerekodi haimbi. Watu elfu nne wanalia na kuimba, wewe umesimama kama mlingoti. Inauma, nakwambia. Lakini bila bubu mmoja, kesho yake hakuna ushahidi kwamba wale elfu nne walikuwa na furaha.

Lapacho hawajaupiga. Pale mbele ya jukwaa tumetundika kitambaa kikubwa, tumeandika ENCARNACIÓN INAOMBA LAPACHO. Arzuaga alikisoma, akacheka, akapiga kitu kingine. Wanasema hajawahi kuupiga jukwaani hata mara moja, anasema ni wa kusikilizwa ukiwa umelala. Siku akiupiga nitakuwepo, na utaupata.

Nakutumia kaseti nyingine. Niandikie kila unachosikia, usifupishe. Matoazi yanasikika? Maneno je? Maneno yanasikika? Mimi pale nilipokuwa palikuwa na kelele sana.

Kaka yako,
Eladio


Encarnación, 26 Aprili 1998

Kaka mpendwa,

Hujambo? Vipi mikono? Mama anasema uipake mafuta ya mzeituni, na ukikosa, hata ya kupikia. Yeye mzima, na leo ametoa kichekesho.

Matoazi yanasikika, kama mtu anamwaga misumari kwenye beseni. Maneno yote yanasikika. Umeuliza mara mbili kwa hiyo najibu mara mbili: maneno yote yanasikika, Kaka.

Nilivyokuwa nasikiliza upande wa pili, ikaanza ile guarania ya zamani, wimbo wa taratibu wa kwetu, ambayo Baba alikuwa akiipiga mluzi akinyoa ndevu. Faroles Mojados wanaipiga kwa magitaa matatu! Nilishindwa kukaa. Mwanzo wanaiburuza taratibu kama mtu anavuta mtumbwi, halafu ngoma inaingia na wimbo unasimama kwa miguu yake, mrefu, mkali, bado ni uleule. Mlango ukafunguka. Mama, mikono imejaa unga.

"Nani hao?"

"Ndiyo bendi ya Eladio, Mama."

"Wahuni! Wameuiba wimbo wa baba yako."

"Hawajauiba, wameuimba upya."

"Mwizi yeyote husema hivyo. Punguza sauti!"

Nikapunguza. Akasema, "Si hivyo basi, sasa sisikii." Akasimama mlangoni mpaka mwisho, kisha akaondoka, na chipa zote za jioni zikaungua chini.

Lapacho yangu ya Kiguarani naendelea nayo. Naimba ninapofua, kwa sauti ya ndani ya mdomo. Ule mstari wa mvua, "mvua ilipita kwangu bila kuuliza jina," umenisumbua wiki nzima. Kwa Kihispania unasikitisha. Kwa Kiguarani, sijui kwa nini, unakuwa kama mtu anakufunika shuka.

Mdogo wako,
Yerutí


Lanús, 14 Juni 1998

Yerutí,

Hamjambo? Mimi mzima. Barua fupi, basi linaondoka.

Kaseti ndiyo hii. Onyesho zuri, ngoma na besi zilinipiga kifuani mpaka shati likatikisika. Ila Lapacho, hapana, safari hii pia. Katikati walipumzika kidogo. Wenzake walitoka, Arzuaga akaletewa kiti, akakaa na gitaa mapajani akawa analichezea chezea tu, nadhani nyuzi zilikuwa zimelegea. Watu wakatulia kumsubiri. Mimi nikaiacha kaseti iendelee.

Msalimie Mama.

Kaka yako,
Eladio


Encarnación, 28 Juni 1998

Kaka Eladio,

Hujambo? Nakuuliza kweli, si kwa mazoea ya barua. Hujambo?

Nimeandika karatasi hii mara nyingi nikaichana. Kusema ni kugumu kwangu hata kwa kalamu.

Arzuaga hakuwa anakaza nyuzi. Nimesikiliza pale mahali walipopumzika. Kiti kinaburuzwa, mtu anapiga chafya, halafu linaanza gitaa moja peke yake, dogo, mbali. Kaka, ni Lapacho. Anauimba wote, taratibu kuliko kwenye kaseti ile ya kwanza uliyoniachia ulipoondoka. Hakuna ngoma, hakuna besi. Hakuna anayeitikia, watu wamebana pumzi. Kwenye mstari wa mvua sauti yake inakwama kidogo, kisha anaendelea. Baadaye anasema, wazi kabisa kama yuko chumbani kwangu: "Huo ni kwa watu wa Encarnación, mmenishinda."

Alikusemesha wewe. Wewe ulikuwa umesimama pale, kinasa sauti kifuani.

Mwanzo nilijiambia hukuutambua kwa sababu umebadilishwa. Halafu nikazitoa barua zako zote chini ya godoro nikazisoma tena. Maneno yanasikika? Matoazi yanasikika? Kumbe hukuwa unanipima mimi.

Sijamwambia Mama. Niambie nimekosea, nitafurahi sana kuwa mjinga.

Mdogo wako,
Yerutí


Encarnación, 16 Agosti 1998

Kaka,

Salamu nyingi, ingawa hujajibu. Ulipiga simu kwa jirani, ukaongea na Mama, ukasema kila kitu ni kizuri. Mama ameniambia, "Ananifanya nirudie rudie maneno, simu za huko mbovu." Sikusema kitu. Safari hii kunyamaza kumeniuma.

Mti wa lapacho wa uwanjani, ule wa wimbo wetu, umechanua. Jani hata moja hauna, umejaa maua ya rangi ya waridi matupu mpaka juu, na ardhi chini yake ni ya rangi hiyohiyo, kwa hiyo ukipita asubuhi yenye ukungu wa mto hujui uko juu ya mti au chini yake. Nakaa pale na kaseti yako. Nimekuwekea maua matatu kwenye bahasha. Yatafika yamekauka, lakini haya hayahitaji kusikika.

Siulizi chochote. Andika hata matusi.

Mdogo wako,
Yerutí


Lanús, 30 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Hamjambo wote? Maua yamefika, yamekauka kama ulivyosema. Nimeyabandika ukutani.

Hujakosea. Sauti nyembamba zote zimekimbia. Ndege, filimbi ya msimamizi, watoto wa mwenye nyumba, midomo inaenda tu. Nzito bado ninazo: ngoma, besi, lori. Daktari anasema ni mashine ya zege pamoja na miaka ya kusimama karibu na spika, na kwamba zilizoondoka hazirudi. Kazini nimehamishiwa kwenye kupaka rangi. Ndugu zangu wa pale mbele ya jukwaa sijawaambia. Sikiliza basi mkosi wangu: wimbo nilioungoja maisha yote, nikaurekodi, na mimi ndiye peke yangu niliyekosa kuusikia. Wewe bubu, mimi kiziwi. Mama amebahatika.

Sitaki tena maonyesho. Kusimama katikati ya watu wanaolia, nikibahatisha wanalilia nini, hapana.

Ndani ya mzigo kuna kinasa sauti, sasa ni chako. Faroles wanakuja Posadas kwenye sherehe ya majira ya maua, Jumapili tarehe 20 Septemba, mchana, uwanja wa wazi kando ya mto. Ni kuvuka daraja tu. Nenda ukarekodi. Sheria unaijua, na kwa kunyamaza hakuna anayekushinda.

Mimi siji. Usinibembeleze.

Kaka yako,
Eladio


Encarnación, Jumatatu 21 Septemba 1998

Kaka Eladio,

Hujambo? Leo ni sikukuu ya vijana, shule imefungwa, na mimi sauti imekauka. Utaelewa.

Mama alikataa nivuke daraja peke yangu. Akaja na beseni la chipa kichwani, akasema yeye anakwenda kuuza tu, hao wahuni hawamhusu. Aliuza zote kabla hata hawajapanga ngoma, na bado hakutaka kuondoka. "Nipumzishe miguu," akasema, akasimama nyuma yangu, kidevu karibu begani kwangu.

Mchana wote ulikuwa na ukungu, kama umelowekwa kwenye maziwa. Mto na mbingu rangi moja, Encarnación ng'ambo inaelea bila kushikwa na kitu. Walipopiga ile guarania ya Baba, watu wakaimba gitaa, oo-oo-oo, na safari hii nilikuwa ndani. Nikafunga mdomo. Mkono mmoja kwenye kola, nimesimama kama mlingoti, vile ulivyonifundisha.

Halafu wakaleta kiti.

Kaka, nilikuwa na nia ya kufuata sheria. Kaseti ingetoka safi kuliko zako zote. Lakini nikawaza, safi kwa nani? Gitaa lile dogo huwezi kulipata, sauti ya Arzuaga huwezi, yuko mbali. Aliye karibu na kipaza sauti ni mimi. Basi nikafungua mdomo. Niliimba, Kaka! Kwa Kiguarani, kwa nguvu zangu zote, watu wakageuka, mwanamume mmoja akasema, "Huyu binti analia au anauza samaki?" na sikukoma. Librada alikuwepo, alishika mdomo. Niliimba wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, sikuacha hata neno.

Kwa hiyo nimeiharibu. Bendi imekuwa mbu. Kinasa sauti usikiweke mezani: fungua sauti mpaka mwisho, ulale chali, ukiegemeze kwenye mfupa wa taya. Nimempa dereva kaseti na kinasa sauti pia, vyote ni vyako.

Mdogo wako,
Yerutí


Lanús, 11 Oktoba 1998

Yerutí,

Hujambo, mwongo wangu?

Nimefanya ulivyosema. Nimelala chali, taya kwenye mashine, maua yako juu ya kichwa. Mara ya kwanza nikapata mtetemo tu, kama mtu anaongea chumba cha tatu. Mara ya pili nikajua ni wewe. Maneno sikuyapata, sauti yako ni nyembamba mno, lakini mahali unapovuta pumzi nimepapata pote, na kwa pumzi hizo wimbo naujua uko wapi. Nimeurudia mpaka betri zikaisha, nikaenda kununua nyingine nimevaa kandambili.

Sasa nikuulize. Umeniandikia kwamba hukuacha hata neno. Mbona kwenye mstari wa mvua ulinyamaza?

Wewe ukanyamaza, na palepale ikaingia sauti nyingine. Nzito, ya chini, imepasuka kidogo, karibu kabisa na kola. Hiyo niliisikia. Hiyo, Yerutí, niliisikia neno kwa neno, kwa Kiguarani chako, mvua na jina na kila kitu, kama zamani nikiugua naye amekaa ukingoni mwa kitanda. Kumbe miezi yote hiyo ulipokuwa unafua, kuna mtu aliyekuwa anajifunza upande wa pili wa mlango.

Usimwambie kwamba nimejua. Nakuja Desemba. Mwache akande unga wake, wewe uanze wimbo, na ukifika kwenye mvua, nyamaza.

Kaka yako,
Eladio