Kilua, Jina Lisiloitwa Mtongwe

Bibi yangu kipenzi,

Nimeolewa! Najua ungekuwepo ungenipiga kofi la mgongo kwa kukurushia habari kubwa namna hii bila hata salamu. Basi shikamoo, Bibi. Shikamoo mbili, moja ya siku zote na moja ya bi harusi.

Niko Mtongwe sasa, ng'ambo ya feri, upande wa Likoni. Mwezi wa nne huu. Mume wangu anaitwa Bakari, ni fundi wa friji, na wallahi sijui nianzie wapi kumsifu. Ana kicheko kinachoanzia mabegani. Kila Ijumaa huniletea kipande cha halua kilichofungwa kwenye gazeti, na hayo magazeti yenyewe nimeyaweka, nayakunja chini ya godoro. Akienda kazini hugeuka nyuma mara tatu kabla hajafika kona, nami husimama mlangoni kuzihesabu. Siku aliyogeuka mara mbili tu niliunguza chai. Nampenda hadi naona haya kuandika.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue daftari. Katika nyumba hii, Bibi, hakuna mtu anayeniita jina langu. Hata mmoja. Hata yeye.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuganda unisimulie hadithi ya jina langu kila uliponisuka? Tulikuwa tunakaa kwenye kizingiti cha nyumba yako Ziwa la Ng'ombe, mimi chini, wewe juu, magoti yako yamenibana ili nisikimbie kitana. Ulianza palepale kila mara: mama yangu bado yuko kitandani, nina siku chache, na baba, mkweo, anaingia na jina lake mkononi, Fatuma, jina la mama yake, kwa sababu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Hapo ulikuwa unasimamisha kitana. "Nikamwambia baba yako, kina Fatuma tunao wanne ukoo huu. Nikisema Fatuma niletee maji, wanaitika wanne na maji siyaoni."

Ukatoka nyuma ya nyumba, kwenye mkilua wako, ukachuma kilua kimoja. Ua dogo, si la kutazamwa sana, lakini wanawake walikuwa wakikuja mpaka kutoka Bamburi kukuomba wabandike kifuani siku ya harusi. Ukaliweka juu ya kanga niliyofungwa. Chumba kizima kikanukia, ulisema, hata ile harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ikakimbia. "Huyu ni Kilua," ukasema, na ukatoka kabla baba hajafungua mdomo. Baba akanuna wiki nzima, akala kwa jirani. Siku ya nane akawa yeye ndiye mtu wa kwanza kunibeba nje na kuniita kwa sauti majirani wasikie.

"Nimekupa jina la peke yako," ulikuwa ukinimalizia, na fundo la mwisho la nywele ukilivuta hadi machozi yananitoka. "Likiitwa, ujue ni wewe."

Na kweli likawa la peke yangu. Darasani kwetu walikuwepo kina Amina watatu na kina Mwanajuma wawili, wakiitwa kwa majina ya baba zao ili wasichanganyike. Mimi nilikuwa Kilua tu, inatosha. Karani wa vitambulisho alinitazama juu ya miwani akauliza, "Hili ni jina au ni kabila?" Nikilitafuta kwenye simu nakutana na picha za maua na duka moja la manukato. Mtu hata mmoja sijampata. Nilijivuna, Bibi. Nilikuwa natembea nalo jina langu nikiona dunia nzima haina jingine.

Bakari nilimpata kwenye duka la dawa la Kisauni nilipokuwa nikiuza. Friji ya chanjo iliharibika, naye akaja na begi lake la spana. Alipomaliza akaniuliza jina ili aandike risiti. Nikamwambia. Mkono ukasimama juu ya karatasi. Akanitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena, kisha akaandika "Duka la dawa". Mimi, mjinga wa mapenzi, nikasema moyoni: amepigwa! Jina langu limempiga!

Toka siku hiyo nikawa Ua. Ua langu, Ua la Kisauni, Ua umelala salama? Wenzangu dukani walikuwa wakinicheka nami nikiona raha tupu. Juzi nilikaa nikarudi nyuma kwenye simu, ujumbe kwa ujumbe, mwaka mzima na nusu wa mapenzi yetu. Jina langu halimo. Hata mara moja, Bibi.

Siku ya nikaha nilikuwa ndani na wanawake, na kaka yangu alirekodi kule msikitini kwa simu. Shekhe anasema, bwana harusi anarudia. Akafika kwenye "nimekubali kumuoa" na akakwama. Akakohoa. Shekhe akamrudisha mwanzo, akakwama palepale. Mara ya tatu akasema, chini chini, hata simu iliipata kwa shida: "Kilua binti Omari." Niliposikilizishwa jioni ile, wanawake walipiga vigelegele, shangazi zangu wakafuta machozi. "Bwana ameelemewa na mapenzi!" Nami nikaamini.

Fungate ilipokwisha ndipo nilipoambiwa. Mama yake Bakari, mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Mama Bakari na mimi sikuwahi kumsikia akiitwa vingine, naye anaitwa Kilua.

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Lakini Shangazi Mwanaisha, dada wa marehemu baba mkwe wangu na msemaji wa nyumba hii, hakucheka. "Sasa mwanangu," akasema, "Bakari atalitajaje jina la mama yake mchana kweupe, eti Kilua njoo, Kilua niletee soksi? Na sisi tutakuitaje, mama wa watu amekaa hapa anasikia?" Wote walilijua toka siku ya posa. Bakari aliwaomba wanyamaze, aliogopa nisije nikabadili nia. Hadi walipopata la kuniita, wakasema, nitakuwa Bi Harusi.

Ndilo jina langu hadi leo. "Bi Harusi, mkaa unazimika!" "Bi Harusi, dagaa wameliwa na paka!" Nimeshika ndoo ya maji machafu, kanga imelowa mpaka magotini, naitwa Bi Harusi. Dereva wa tuktuk anayemleta Shangazi aliuliza mbele ya geti, "Kwani harusi ya hapa haiishi? Basi mtutolee pilau!" Mtaa mzima ulicheka. Nami nilicheka, nikaingia jikoni, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikakodolea macho ukuta.

Wananipenda, ndiyo tabu yenyewe. Wangekuwa wabaya ningejua pa kukimbilia. Lakini wananiwekea kichwa cha samaki, wananinunulia kanga, wananiuliza nimelalaje, na katika wema wote huo nazidi kupotea. Nikienda bombani au sokoni wananijua kwa Bi Harusi. Kuna siku niligundua nimepitisha wiki mbili bila kusikia jina langu kwa sikio langu. Nikajiita mwenyewe bafuni, polepole, maji yakimwagika ili nisisikike. Nilijiona mwizi.

Nikamlilia Bakari. Ilikuwa Jumapili mchana, mama yuko kwa jirani, nikafunga mlango wa chumba. "Niite mara moja tu. Hapa hapa, hakuna anayesikia."

"Ua langu, si kwamba sitaki."

"Basi niite."

Akanishika mikono. Akavuta pumzi, Bibi, akajaribu kweli. Akasema "Ki", na midomo ikabaki wazi. Akajaribu tena. Kisha akaanza kucheka kwa aibu, na kicheko kile cha mabegani kikageuka, nikaona macho yamejaa maji. "Namwona mama," akasema. "Nikilifungua tu, namwona mama amesimama pale mlangoni na mwiko." Nikamkumbatia. Ningefanya nini? Mtu unayempenda hivyo huwezi kumkaba koo akutolee neno.

Mwanzoni mwa wiki hii Shangazi akaleta suluhisho. Nipewe jina jipya. Ijumaa baada ya swala ya alasiri wasome dua, wapike mahamri, niitwe Salma. "Jina zuri, jepesi, hata mbuzi ukimwita Salma anakuja," akasema, akajicheka mwenyewe. "Na ukizaa msichana wa kwanza atachukua jina la Mama Bakari, ndiyo desturi yetu. Kilua atakuwepo, jina halipotei."

"Na yeye mtamwitaje?" nikauliza.

"Huyo? Tutamwita Bibi. Nani atamwita mtoto jina la mkubwa wa nyumba?"

Nikapiga hesabu pale nilipokaa: kina Kilua watatu ndani ya geti moja, na hakuna wa kuitwa. Wakanipa mpaka Ijumaa nitoe neno.

Jumatano nilikuwa nachambua mchicha, Mama anakuna nazi. Ni mtu wa maneno machache, Bibi, ungempenda kwa hilo. Ghafla akauliza bila kuinua kichwa, "Jina ulipewa na nani?"

Nikamwambia yote. Kina Fatuma wanne, mkilua, baba kula kwa jirani. Aliposikia la maji kutoonekana alicheka hadi akaacha kukuna. Kisha akasema la kwake: alizaliwa wakati wa harusi ya mama yake mdogo, nyumba imejaa vilua, basi likashika. Naye hakuwahi kumjua Kilua mwingine, hadi Bakari aliporudi kutoka Kisauni siku hiyo hawezi kula.

"Mimi nilikuja nyumba hii binti mdogo," akasema. "Mimba ilipoonekana tu, nikawa Mama Bakari, hata mtoto mwenyewe hajazaliwa. Jina lilikuwa tayari, la babu yake. Aliyekuwa akiniita Kilua ni dada yangu, akija Idi kwa Idi. Alipofariki, likaenda naye." Akakung'uta nazi ya mikononi. "Shangazi yako anaona anatengeneza heshima. Mimi nilikubali kwa sababu nyingine. Nilitaka uwe na jina la kuitwa, mwanangu. Hata kama si lako. Mimi sikupewa hata hilo."

Sikulala vizuri siku hiyo na iliyofuata. Afadhali ningebaki nikidhani wananinyang'anya. Sasa kila upande ulikuwa na mapenzi, na kila upande ulikuwa na mlango uliofungwa. Nikubali Salma, niitwe kwa sauti kubwa kila saa, na anayeitwa asiwe mimi. Au nibaki na la kwangu, nikae nalo kimya kama sarafu iliyoshonwa kwenye upindo.

Jana ndiyo ilikuwa Ijumaa. Wakasoma dua, mahamri yakapita. Shangazi akanigeukia, uso umejaa furaha, "Haya, mwanangu, sema."

Nikasema nashukuru. Nikasema Salma ni jina jema na Mungu amjaalie atakayelichukua, lakini nililopewa na bibi yangu nitakufa nalo, hata kama haliitwi. Shangazi akaweka hamri lake chini, likiwa limeumwa mara moja tu, akatafuta viatu vyake. "Basi baki Bi Harusi mpaka uzeeke," akasema mlangoni. Bakari alitazama miguu yake. Mama akakusanya sahani.

Leo asubuhi Bakari ametoka, kageuka mara tatu, alhamdulillahi. Nilikuwa uani naanika kanga nikasikia kutoka jikoni:

"Kilua!"

Kanga nusura iniponyoke. Miezi minne, Bibi. "Abee, Mama!" Nikakimbia, sikumbuki hata nilivyofika.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, haya imemjaa usoni kama msichana. "Wewe ni somo yangu, jina letu ni moja," akasema. "Mtu na somo yake hawaoneani haya. Nitakuwa nakuita mimi, tukiwa wawili." Nikambusu mikono. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Na wewe niite."

Nikafungua mdomo.

Bibi, halikutoka. Jina langu mwenyewe, nililoandika kwenye kila daftari, nililojiita bafuni! Nilimtazama mama wa mume wangu, nywele zake nyeupe pembeni, macho yakingoja. Nikasema "Ki", nikakwama palepale alipokwama Bakari. Alingoja kidogo. Kisha akanipigapiga mkono, akasema, "Si kitu, mwanangu, lete nazi," na uso wake ukarudi kuwa wa Mama Bakari.

Nimekaa chumbani sasa nasikiliza ile sauti ya nikaha. Anakohoa. Anarudishwa mwanzo. Anakohoa tena. Zamani nilikuwa naruka mbele nifike kwenye jina. Leo nasikiliza kule kukwama, na mara ya kwanza najua alikuwa anavuta kitu kizito kiasi gani, mbele za watu wote wale, kwa ajili yangu.

Kwa hiyo niko hapa, Bibi, nimeolewa na ninapendwa, na mlango bado umefungwa, ila sasa najua tuko wawili ndani, mimi na Mama. Kesho nitajaribu tena kumwita. Na kesho kutwa. Wewe pumzika kwa amani huko uliko, na siku tutakapokutana usinisalimu kwanza. Niite.

Mjukuu wako,
Kilua