Usimulete Jérémie

Kalemie, tarehe 9 Juni 2024

Mupendwa mudogo wangu Huguette,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hamujambo hapo Kabalo? Shemeji Cyprien anaendeleaje na kazi ya reli, na ule mugongo wake? Mimi niko muzima. Sasa hata hospitali inakubali.

Ujumbe wako niliupata. Unasema umekwisha kufunga nguo za Jérémie, niseme tu siku, umulete kwa treni. Nimeshindwa kukupigia simu. Ningelia, na wewe ungelia, na unite za simu zingeisha bure.

Kuna jambo hulijui. Dokta alinieleza huku akiangalia meza: majibu ya damu yangu waliyachanganya na ya mama mumoja aliyetoka Pepa. Mimi nikapewa miezi sita ya kuishi, yeye akaambiwa hana kitu, arudi nyumbani. Alizikwa Novemba. Watu wananihimiza nitoe misa ya shukrani. Mungu ninamushukuru, lakini misa nimekataa. Huyo mama naye alikuwa na watoto.

Kosa hilo ni lao. Lingine ni langu. Baba yake Jérémie alikwisha kututangulia, nikaona afadhali mutoto azoee kunikosa mapema. Nilipaka matiti pilipili, akalia siku mbili, akaacha. Kila jioni, mpaka siku niliyomuleta kwako, nilimuonyesha picha yako kwenye simu: huyu njo Mama. Akisahau akaniita mimi Mama, sikuitika. Hapo hakuna dokta aliyenituma. Kazi hiyo niliifanya vizuri mno, Huguette.

Pasaka nilipokuja, ulinituliza eti mutoto ana usingizi. Usingizi gani? Alijificha nyuma ya kikwembe chako, na nilipomushika mukono alikuita wewe.

Kwa hiyo fungua huo mufuko, rudisha nguo mahali pake. Nisikudanganye, ninamutaka mutoto wangu. Ninatwanga majani ya sombe ninamutaka, niko kanisani ninamutaka, na kuna siku ninakuonea wivu mpaka ninajichukia. Lakini hajafika hata miaka mitatu, na amekwisha kunyang'anywa mama mara moja. Sitamufanyia tena. Na wewe usijione mwizi, maana hukuomba. Mimi njo nilikusukumia.

Unisalimie Shemeji, Mama Hortense na Bijou. Mungu ailinde nyumba yenu, awape usingizi mwema na chakula cha kutosha.

Agosti nitakuja tena, nitawaletea samaki ndagala. Jérémie akiuliza huyu ni nani, mwambie ni mama yake mukubwa wa Kalemie. Mimi nitajizoeza jina hilo njiani, ndani ya treni.

Ni mimi dada yako, anayekupenda bila kinyongo,

Philomène