Picha ya Bega la Afande

Sigino, Babati,
Jumapili, baada ya misa.

Mdogo wangu Damasi,

Marahaba. Najua shikamoo hujaitoa bado, ila barua inachukua muda kufika huko Ifakara, nimeona niipokee mapema isije ikaozea njiani. Mzima wewe? Mama Jovita mzima? Mvua zimewaachia mpunga, au zimeondoka nao? Sisi huku hatujambo. Mahindi yamesimama kama askari wa gwaride, maharage yanacheka, na shemeji yako Evangelina magoti yanamsumbua lakini mdomo uko salama kabisa, Mungu amemlindia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwanza simu yako mpaka mtu apande kichuguu ndiyo ishike. Halafu kwenye simu unanikatiza, karatasi haikatizi mtu. Na kubwa zaidi, humu ndani ya bahasha kuna picha ambayo nataka uishike kwa mikono yako. Usiitazame kwanza. Nakujua tangu unanyonya, umeshaichungulia. Haya, irudishe, usome taratibu. Kwa mwandiko utaniwia radhi. Mimi shule yangu ni ile ya kisomo cha watu wazima, na hata kule nilikuwa naenda zaidi kuwachekesha wenzangu. Kalamu naishika kama jembe, ila mstari wangu unanyooka.

Habari yenyewe ni ya Afande, mbwa wangu, yule wa kahawia mwenye sikio moja limelala, anayechechemea mguu wa mbele tangu usiku ule wa chui. Na chui unamkumbuka, maana ulinivua nguo mbele ya wakwe zako kwenye harusi ya Jovita. Nilikuwa nimefika pale patamu, mimi nimemkamata chui mkia kwa mikono miwili mlangoni mwa zizi, Afande ananisaidia kwa mbele, wakwe wameacha pilau linapoa, wewe ukaniuliza eti taa nilikuwa nimeishika kwa mkono gani. Watu walicheka mpaka bibi harusi shela likamdondoka. Sijasahau. Endelea kusoma.

Bega lile la Afande lilikuwa na tabia yake. Linavimba, linapasuka, linatoa usaha, linapona, tunasahau, linavimba tena. Safari hii halikupasuka. Likawa gumu kama kiazi, na Afande akaacha kula, akaacha kubweka hata pikipiki. Nikienda shamba ananisindikiza kwa macho tu. Damasi, wewe wajukuu wamekujaa mpaka wanalala mlangoni. Mimi wangu wametawanyika, na Evangelina akienda jumuiya nabaki na huyu. Ndiye pekee anayesikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Nikaona huyu akiniacha, nitabaki naongea na mbuzi, na mbuzi hawana adabu, wanaondoka katikati.

Jirani yetu Hilary akaja na dawa yake ya siku zote, kuchoma. Unajua sisi huku uvimbe wowote, wa ng'ombe, wa punda, tunaupiga chuma cha moto. Mimi mwenyewe nimechoma mifugo ya Sigino hadi Mutuka, na mkono wangu unasifika, mnyama anaondoka kama aliyepewa zawadi. Chuma kilishakuwa chekundu jikoni pale Evangelina aliponiuliza kama najua kilichomo ndani ya huo uvimbe. Nikamwambia vidole vyangu vina macho. Akasema vizuri, basi vianze na goti lake, vikishaona kilichomo nilichome na lenyewe. Akakaa kwenye kigoda akanyoosha mguu kabisa. Nikatumbukiza chuma kwenye maji.

Sasa mjini, ukielekea Bonga, kuna daktari wa mifugo anaitwa Anifa, binti wa wale wenye duka la vitambaa pale sokoni. Amefungua chumba cha kupiga eksirei mbwa na paka. Nilipoambiwa nilicheka sana, nikauliza ni picha za pasipoti, wanasafiri kwenda wapi? Lakini nikampakia. Dereva wa bajaji, yule anayeitwa Msafiri, alitukubali kwa sharti kwamba mbwa asikae mbele. Nikamwambia huyu ana cheo, na wenye vyeo hukaa nyuma. Tukaenda hivyo, mimi, Evangelina na Afande katikati, kichwa amekilaza pajani mwangu, wala hakutazama nje.

Tulimkuta Mama Amira, fundi cherehani, ana paka ndani ya kapu. Paka anatoa udenda, anameza hewa, hataki chakula. Nikamtazama mara moja tu nikatoa hukumu, mwiba wa samaki, mmezesheni donge la ugali mkavu limsukume. Mama Amira akaanza kuniamini, maana nikisema kitu unajua sauti yangu ilivyo. Daktari akatuomba tusubiri kidogo. Akamchoma paka sindano ya usingizi, akamlaza kwenye meza, akatutoa nje sote, mashine ikalia mara moja kama mtu aliyefyonya. Tukaitwa kuona.

Mdogo wangu, nimeona mambo. Nimemkimbiza kiboko wa Ziwa Babati mpaka akasahau njia ya maji. Lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Paka mzima yuko kwenye kioo, amevuliwa manyoya na ngozi, uti wa mgongo umepangika kama shanga za bibi harusi, mbavu nyembamba kama nyuzi, na pale kooni imelala sindano! Sindano ya kushonea, na tundu lake unaliona! Daktari akaeleza kwamba uzi uko pamoja nayo ila uzi hauonekani, kwa sababu mwanga wa ile mashine unapita kwenye vitu laini kama mtu anavyopita kwenye mlango ulio wazi, lakini mfupa na chuma vinauzuia. Kisha akanigeukia kwa heshima zote akasema baba, lile donge la ugali lingeisukuma mpaka wapi? Evangelina alicheka peke yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ikafika zamu yetu. Daktari akalishika bega, akaligusa polepole, na uso wake ukabadilika. Akatuambia ukweli bila kuuzungusha. Uvimbe mgumu hivi, karibu na mfupa hivi, anaogopa kansa. Kama ni kansa, picha itaonyesha mfupa umeliwa kama hindi lililoingiliwa na dumuzi, na hapo yatabaki mawili, kuukata mguu au kumlaza Afande moja kwa moja asiteseke.

Nikaomba nibaki nimshike kichwa. Akakataa. Yeye mwenyewe alivaa aproni nzito kama gunia la mchanga, akasema ile miale si ya kuoga ovyo, asiyepigwa picha akae nje. Nikamwambia mimi nimekimbiza kiboko. Akanijibu kwamba miale haikimbii. Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi na Mama Amira, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hadithi ya kumsimulia.

Alipiga picha mbili, moja ubavuni, moja mbwa akiwa chali. Nikauliza kwa nini mbili, bega si moja? Akasema ukimwona mtu kwa mbele amesimama karibu na ukuta, hujui kama ameugusa au yuko mbali nao, mpaka uzunguke umtazame kwa upande. Nikaona huyu binti ana akili za mwindaji.

Halafu akasogea mbele ya kioo. Mimi natafuta dumuzi. Natafuta vitundu. Mfupa ulikuwa mzima, Damasi! Mzima! Ila sehemu moja ulikuwa umenenepa, umejikunja kuzunguka kitu fulani, vile mti unavyoumeza waya wa fensi miaka ikipita. Na hicho kitu kilikuwa cheupe kuliko mfupa wenyewe, kirefu kama ncha ya kidole changu kidogo, kimechongoka. Daktari akasema hii si kansa, hii ni kitu kilichoingia kutoka nje, ndicho kinachotengeneza usaha kila mara, na akikitoa Afande atapona. Evangelina akaanza kulia. Mimi jasho lilinitoka machoni.

Akauliza ni nini kilimpiga huyu mbwa. Nikasema chui, maana ndilo jibu langu la siku zote. Akatabasamu vile watu mnavyonitabasamia.

Akampasua mchana uleule. Alipotoka alikuwa na kitu kwenye kibakuli, amekiosha, na lile tabasamu limekwisha. Ilikuwa ncha ya jino. Chonge, imevunjikia mle ndani. Akatupeleka kwenye meza ya pili ambako paka wa Mama Amira alikuwa bado anakoroma, sindano imeshatoka. Akamfungua mdomo, akatuonyesha chonge lake, lina mstari umechimbika kwa urefu wake. Akaleta kibakuli karibu. Mstari uleule, ila kwenye jino la mnyama mkubwa. Akasema mbwa hana mstari huo, fisi hana. Huyu ni wa ukoo wa paka, na paka wa ukubwa huu kwenye mlima wetu wa Kwaraa ni mmoja tu. Akamtumia mwenzake wa wanyamapori picha kwa simu, na mwenzake naye akajibu palepale. Chui.

Jino lenyewe sikupewa. Ni nyara ya serikali, wenyewe wamekuja kulichukua. Nikawaambia basi Afande ametembea na nyara ya serikali mwilini miaka yote hii, anapita hadi mbele ya kituo cha polisi, na hakuna aliyemkamata. Wakacheka, wakachukua. Nimebaki na picha, na Daktari Anifa akanichapishia nyingine kwenye karatasi, ndiyo hiyo uliyonayo. Sasa itazame. Ile nyeupe inayong'aa ndiyo jino. Nimempelekea daktari debe la maharage, na natamani ningekuwa na shamba zima la kumpa. Binti yule ameingia ndani ya mbwa wangu bila kumfungua, akaona usiku ambao hakuna mtu aliyeuona.

Hapo kwenye kuuona ndipo nilipotaka kufika. Soma hapa ukiwa peke yako, Mama Jovita umwambie aende kuchota maji.

Damasi, mimi chui sikumwona. Usiku ule mvua ilipiga, nikalala kama gogo. Asubuhi Evangelina akamkuta Afande amelala amekingama mlango wa zizi, bega limechanika, mbuzi wote wamo ndani. Nyayo mvua imefuta. Nikadhani ni mbwa wenzake, au fisi. Watu wakaja kuuliza kulikoni, mdomo ukafunguka wenyewe, chui akatoka. Na nilipomtoa nikaona haipendezi Afande apigane peke yake mimi nimejifunika blanketi, nikajiweka kwenye mkia. Evangelina amejua siku zote, akaninyamazia, sijui ni kwa huruma au anasubiri siku ya kulitumia.

Sasa ona nilivyolaaniwa. Nilipoiona ile picha, niliona kwamba lile nililolitunga lilikuwa limetokea, ila halikunitokea mimi. Huyu mbwa alisimama mlangoni kwenye mvua, akapigana na chui mpaka jino likavunjikia mfupani mwake, asubuhi hakuweza kusema, na mimi nikamnyang'anya. Miaka yote namsimulia hadithi yake mwenyewe huku nimekaa mimi kwenye nafasi yake, na yeye ananisikiliza mpaka mwisho, anatingisha mkia.

Nikasema nitairudisha. Nikaenda kijiweni kwa Sadallah wa kahawa, watu wamejaa, picha inapita mikononi. Nikasimama nikawaambia jamani, mimi nilikuwa nimelala, kazi yote aliifanya mbwa. Unajua walifanya nini? Walikataa! Hilary akasema Mzee Modesti amezeeka kweli, ameanza unyenyekevu. Sadallah akanimiminia kahawa, akasema mtu aliyemshika chui mkia hana haja ya kujishusha. Kadiri ninavyokana ndivyo wanavyozidi kuniheshimu. Nimesema uongo miaka mingi wakanicheka, nimesema kweli siku moja wakaniita muongo. Nikanywa kahawa nikaondoka.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Ukimtoa Evangelina, katika ukoo mzima na Babati nzima wewe ndiye mtu pekee ambaye hukuwahi kuniamini hata siku moja. Niamini sasa.

Afande bega limefunga vizuri. Anakula, na jana ameibwekea bajaji ya Msafiri bila shukrani yoyote. Kuchechemea hakujaisha, daktari anasema huenda kukabaki, na mimi naona kunampendeza. Nisalimie Mama Jovita, Jovita na mumewe, na hao wakwe waambie taa haikushikwa na mkono wowote. Evangelina anawasalimu wote, magoti yake amesema yatapigwa eksirei na daktari wa watu, si na vidole vyangu.

Njoo baada ya mavuno. Ukifika usinianze mimi. Nenda kwanza pale mlangoni mwa zizi, ndipo anapolala, umwamkie yeye. Mimi nitapokea ikibaki.

Ni mimi kaka yako,
Modesti, aliyekuwa amelala.