Simu Iliyolia kwa Fundi Tu

Kwako Kibiriti, mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, hata kama huzitaki. Barua haina mahali pa kubonyeza ukakata, kwa hiyo utanivumilia hadi mwisho au uichane, na ukiichana utabaki na hamu ya kujua nilisema nini, nakujua. Natumai goti lako limetulia, na mkeo na wajukuu hawajambo. Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu umeamua kupinda bila kuniuliza, na shemeji yako ni mzima wa mwili. Hayo mengine nitakufikishia polepole. Mwandiko usiucheke. Niliacha shule mwalimu akiwa hajanimalizia herufi, zilizobaki nimejifunza kwa kuchonga majina ya marehemu.

Ningekupigia, lakini hupokei. Na simu yako haina ubovu, inaita mpaka inachoka yenyewe. Ulipokea mara moja tu, baada ya kumzika dada yetu mkubwa bila mimi, ukaniuliza kama nilikuwa nangoja mniletee oda kama wateja wengine. Halafu ukakata. Kibiriti, nimetengeneza majeneza ya wanene na wembamba, ya watu wema na ya wale ambao mtaa mzima ulishusha pumzi walipoondoka, lakini neno lako hilo sijapata mbao ya kulifunikia.

Wewe unaamini niliziona simu zako nikaziacha. Basi sikia nilivyopata habari. Nilikuwa kwa muuza mbao, tunabishana juu ya ubao uliopinda kama mwenye duka. Ghafla akaacha ubishi, akanipa pole ya msiba. Nikamwambia misiba ndiyo ugali wangu, asinipe pole, anipunguzie bei. Hakucheka. Akasema dereva wake alipita kwenu akawakuta mnatoka makaburini, na aliyezikwa ni dada yangu. Nikamwambia dereva wake amechanganya watu, kwa sababu simu yangu iko mfukoni na haijalia. Nikaitoa kabisa nikamwonyesha, kama vile mtu hawezi kufa mpaka kwanza nipewe taarifa mimi.

Dada yule aliyetufulia na kutuchapa kwa mkono huohuo! Kila tukionana alinikumbusha kwamba jeneza lake nitalitengeneza mimi, nisimpunje mbao. Nami nilimjibu kwamba kwa mdomo ule litahitaji kufuli. Tukacheka sote. Sasa nasikia amelazwa kwenye sanduku la dukani lenye vipini vya plastiki. Sikulaumu, ulinunua ulichokiona.

Nilianza kuitafutia simu ugonjwa. Kwanza nilidhani ni vumbi la msumeno, maana inashinda juu ya meza ya kazi. Nikasugua vile vitundu vya spika kwa mswaki wa zamani, nikapuliza, nikaigonga kidogo kwa upole wa seremala, yaani kwa nyundo ya mpira. Kimya. Ndipo nikampelekea fundi simu, yule anayekaa kwenye kibanda nyuma ya stendi na kuwaita wateja wote wagonjwa. Akaangalia sauti ya mlio, ilikuwa juu. Akapiga muziki, spika ikaitika. Akaniuliza kama nimewahi kuiweka ile hali ya kusafiria kwa ndege. Nikamwambia safari iliyobaki kwangu ni moja, na chombo chake nakitengeneza mwenyewe. Akachokonoa hapa na pale, akanipigia kwa simu yake. Ikalia mpaka mama wa kibanda cha jirani akaziba masikio.

Nikarudi nyumbani nafurahi. Nikakaa. Hakuna aliyepiga. Nikafikiri watu wameacha kufa, nikamshukuru Mungu na kumlalamikia kwa pumzi moja. Baadaye akaja kwa miguu mhudumu wa chumba cha maiti, amenuna, akaniambia kama nimeacha kazi nitangaze, maana amenipigia asubuhi na jioni bila jibu mpaka amewapeleka wateja kwa yule mshindani wangu anayeunga mbao kwa gundi na maombi.

Nikarudi kwa fundi. Safari hii akashuku laini. Akaitoa kadi, akaifuta, akaihamishia tundu la pili. Akaniuliza kama nimewafungia ndugu wasinipigie. Nikamjibu kwamba nimetamani hivyo miaka mingi ila sijui inafanyikia wapi. Akaizima, akaiwasha, akapiga. Ikalia kama imeumwa na nyuki. Nikafika nayo nyumbani, kimya tena. Nikasema simu hii ina adabu ya ugenini. Ikiwa kwa watu inaitika vizuri, ikifika kwake inanuna.

Mara ya tatu fundi hakufungua kitu. Aliigeuza tu, akanionyesha juu kabisa kwenye kioo kuna kapicha ka mwezi mwembamba. Akanieleza kwamba mwezi huo ukiwashwa simu hupokea wito kimyakimya bila kumwambia mtu. Akasema kila nilipoipeleka alikuwa akiuondoa kwanza, akidhani niliuweka mwenyewe nipate usingizi nikasahau, na hakuona sababu ya kumwaibisha mzee. Lakini sasa imezidi. Mwezi huu, akasema, hauchomozi bila mkono wa mtu, na akaniuliza nakaa na nani. Nikamjibu nakaa na mke wangu, ambaye hata kupiga simu hajui. Akainua mabega akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamtukana, nadhani na mama yake nikamgusia kidogo. Hakukasirika. Akanifungulia orodha ya waliopiga nikakosa kupokea. Mimi yale maandishi mekundu siku zote nilidhani ni matangazo ya kampuni.

Zilikuwa zako, Kibiriti. Yako, yako, na yako tena, zimepangana kama mbao stoo. Na chini ya zako zote, ya kwanza kabisa, ilikuwa ya dada mwenyewe. Alinipigia kabla hajaishiwa nguvu.

Kesho yake baada ya chakula nilijilaza karakana. Usishangae, siku hizi nalala ndani ya jeneza ambalo halijafungwa, nikiweka maranda chini ni laini kuliko godoro langu, na mgongo unanyooka. Lile lilikuwa na ubao mmoja wa ubavuni haujapigiliwa, kwa hiyo kulikuwa na ufa. Simu niliiacha juu ya meza. Shemeji yako akaingia. Hakuniona, nani atamtafuta mumewe mle? Akaifuta simu vumbi kwa upindo wa nguo yake. Akavuta kioo kutoka juu kwenda chini kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefunga macho ya mtoto. Akagusa. Akailaza kifudifudi, akaifunika kwa kitambaa, akatoka. Nikabaki nimelala chali mle ndani, mzima, na sikuwa na mzaha wowote mdomoni.

Sikumwuliza moja kwa moja. Jioni tukila nikapita pembeni, nikasema siku hizi watu hawatuachi tupumzike mchana, na mlio ule unakera. Akafurahi kuona tumekubaliana. Akaniambia bila kificho kwamba huwa anauweka mwezi mchana ili nipumzike, na yeye pia apumzike. Alionyeshwa na binti yetu. Akasema hauna madhara, ikifika jioni unatua wenyewe.

Ndivyo anavyoamini. Enzi zile aliuweka siku mojamoja tu, na binti yetu akitoka kazini alikuwa anaushusha kimyakimya, na mama yake hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Tangu tumzike binti yetu hakuna wa kuushusha. Unakaa mpaka mtu auguse, na katika nyumba hii anayejua kuugusa anajua nusu.

Na kwa nini siku hizi anauweka kila mchana, hilo huna haja ya kuuliza kwa kuwa unajua. Mchana ule simu ilipolia mimi nilikuwa juu ya paa la jirani, akapokea yeye, na mtu asiyemjua akamwambia habari za binti yetu kama anayesoma bei. Tangu hapo mlio huo ukianza sahani inamponyoka. Na kwa kazi yangu simu hailii kwa sababu ya harusi. Kila mlio ni maiti ya mtu, Kibiriti, na yeye kila mara anasikia ni yuleyule.

Sasa ona shida iliyopo. Yeye haunganishi mambo haya mawili. Kwake mwezi ni pazia la mchana, na ubovu wa simu ni jambo jingine la mafundi. Kwa hiyo ananitetea. Anamwambia kila mtu kwamba mume wake hawezi kuona simu ya ndugu yake akaiacha. Amesikia unavyonisema, na amesikia kuna kikao cha familia kwako, ameapa atakuja na simu yenyewe mkononi. Zaidi ya hayo, amekwenda kwa fundi bila kuniambia, akamwomba aje aeleze mbele ya wote ilikuwa na ugonjwa gani. Na yule mjinga amekubali. Nilimwendea kumsihi. Akaniambia asipoulizwa atanyamaza, lakini akiulizwa na wazee hawezi kusema uongo, kwa sababu ana sifa yake ya kazi. Eti sifa!

Wewe utamwuliza. Wewe huwezi kuona kidonda usikibonyeze. Na fundi atautaja mwezi, na shemeji yako atakuwa amesimama pale na simu mkononi.

Kwa hiyo nimeamua, na usinibishie. Nikifika kwako, kabla watu hawajakaa vizuri, nitasema kwamba mimi ndiye niliyeizima milio. Nitasema nilichoshwa na wafu, nikataka kulala, na sikujali nani anapiga. Nitasema simu haikuwa na ubovu wowote na nilimdanganya mke wangu. Fundi hatakuwa na la kueleza. Watu watasema nimezeeka vibaya, na hawatakuwa wamekosea sana.

Nawe nitukane. Hasira unayo tayari, huna haja ya kuigiza. Nitukane mpaka aliye nje asikie, unitoe kwenye mambo ya nyumba ya dada ukitaka. Nakuomba kitu kimoja tu, usiulize kuhusu simu, na siku tukibaki watatu na shemeji yako usinipe pole mbele yake. Nilikaribia kukuacha uamini uongo huo nawe pia, ingekuwa salama zaidi, maana ulimi wako hauna mfupa. Nimeshindwa. Nilitaka mtu mmoja wa tumbo letu ajue kwamba dada alipopiga sikuwa nimekaa naitazama simu ikilia.

Kama alikuachia neno langu, hata tusi, lihifadhi uniambie. Tusi hasa ndilo ningelipenda.

Shemeji yako akinikasirikia mimi, atapona. Amenikasirikia tangu ujana wetu na bado anapika. Akijikasirikia yeye mwenyewe, sitajua nimtafute wapi.

Mnisalimie nyumba nzima, mkubwa kwa mdogo, na goti ulipake dawa badala ya kulipigia kelele. Barua hii anakuletea dereva wa muuza mbao. Shemeji yako anakusalimia sana. Yuko hapa mbele yangu anachambua mchele, na amenituma nikuambie hana kinyongo nawe, akikuonyesha simu utaelewa mwenyewe. Anashangaa mbona barua ni ndefu hivi. Nimemwambia nakueleza jinsi ilivyoharibika.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Randa