Toa Utakachoona

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na cherehani haikusumbui. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na banda zima. Nikisema haloo nakusikia wewe, mteja wako, na mjomba akiuliza mabati niliyomwahidi yamefikia wapi. Hili nataka ulisome peke yako.

Chumba changu kina kitanda, meza, na dirisha linalotazamana na dirisha la mtu mwingine. Siwezi kutulia humo. Nikitoka kazini nazunguka kati ya kitanda na mlango kama mtu aliyesahau kitu asichokijua.

Ofisini tunakagua hesabu za majengo kabla hayajajengwa: nguzo hii itabeba, boriti ile itapinda kiasi gani. Jirani yangu wa meza, kijana mpole anayetafuna karanga kutwa, anafanya kazi ileile. Wiki hii tulikuwa jikoni tunasubiri maji yachemke, naye akawa analalamikia kodi ya nyumba. Katika kulalamika akautaja mshahara wake. Mama, ni mara mbili ya wangu na chenji inabaki.

Nilimwaga maji nje ya kikombe. Akaniuliza, "Kwani wewe ulitaja ngapi?"

"Sikutaja."

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaacha. "Lakini si waliuliza?"

Waliuliza. Kwenye usaili nilijibu kila kitu, zege, chuma, upepo, mpaka mkuu wa idara akaweka kalamu chini na kusema, "Unatarajia mshahara wa kiasi gani?" Nikasikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu: "Nyinyi toeni mtakachoona kinafaa." Wakatazamana. Akatabasamu. Nilidhani amependa adabu yangu.

Na si mshahara tu ulio chini, cheo nacho kiko chini. Mkataba wangu unasema "msaidizi wa mhandisi". Nakagua mimi, anatia sahihi mwingine. Mkataba huo unaisha mwezi wa sita, na kibali changu cha kukaa kinaisha nao. Kabla ya hapo wataniita na kuniuliza swali lilelile. Nijibu nini?

Binti yako,
Sindano

2 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka, chooni, maana ndiko tu mjomba wako hanifuati. Goti linaniheshimu. Hapa wote wazima. Siku hizi sina jina langu, naitwa Mama Mhandisi, na kila mwenye ufa ukutani anataka nikuulize utaanguka lini.

Sasa nisikilize. Ulijibu vizuri. Mtu akitaja bei, mteja anaanza kumpima yeye badala ya nguo. Mimi nimekaa kwenye ile mashine tangu hujazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikitaja bei. Nasema toa utakachoona, wanatoa, na wanarudi. Ulikula, ulivaa, ulisoma mpaka ukamaliza hesabu zote zilizokuwepo. Kama ni ujinga, basi ni ujinga uliokupeleka ng'ambo.

Huyo mla karanga mwache na mshahara wake. Wewe una kazi, una kitanda, una dirisha. Ukitaja, watasema huyu ana tamaa, wamtafute mwingine, na kibali kimekwisha. Utarudi hapa kunishikia mkasi? Wakikuuliza tena, jibu vilevile, na utabasamu. Safari hii wameshakuona unavyofanya kazi, watatoa kizuri.

Mjomba anauliza mabati. Nimemwambia yako baharini, yanaogelea.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Mimi si mgonjwa.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikitembea. Sijui niandike vipi bila kukuumiza, kwa hiyo naandika tu.

Wanarudi kwa sababu ni rahisi, Mama. Unamkumbuka mke wa mhasibu? Gauni la harusi ya binti yake, lenye vifungo vidogo mgongoni vilivyovishwa kitambaa kimoja kimoja. Nilikuwa chini ya meza nikiokota pini. Alimvalisha bintiye lile gauni, akamzungusha, akasema halina mfano. Kisha akauliza, "Fundi, bei gani?" Nawe ulikuwa na pini mdomoni, kama kawaida yako, ukasema kwa pembe ya mdomo, "Toa utakachoona." Akatoa. Hata gharama ya nyuzi haikurudi. Ulicheka naye mpaka mlangoni, ukamwitia baraka. Ulipokaa hukukanyaga pedali. Nilikuwa naiona miguu yako tu kutoka chini ya meza. Ilikaa pale, haifanyi kitu.

Hiyo miguu ndiyo niliyokuja nayo huku.

Jumanne nilikuta kosa katika hesabu za jirani yangu. Ghala lina mtambo wa kunyanyulia mizigo unaoning'inia darini, naye alipima dari akausahau mtambo. Nilimwonyesha kwa sauti ya chini asiaibike. Akarekebisha, akanishukuru, na akasema kwenye kikao kwamba ni mimi niliyeliona. Unajua mkuu alisema nini? "Msaidizi wetu ana jicho zuri." Kisha akaendelea na mengine. Wote wananipenda, Mama. Wameridhika nami kama mke wa mhasibu alivyoridhika nawe.

Nimekuwa nikijaribu kutaja kiwango changu kwa sauti nikiosha vyombo. Sauti inafika kooni inageuka kikohozi. Mimi ninayeweza kukuambia nguzo itabeba nini mpaka siku itakapozeeka.

Kila ulipokuwa ukimwambia mtu atoe anachoona, wewe ulikuwa unaona ngapi? Uliwahi kujiuliza?

Binti yako

10 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Goti? Sijapata neno kutoka kwako tangu niandike. Nilipiga simu banda likajibu kwamba una mteja. Nilipiga tena, bado una mteja. Hujawahi kuwa na wateja wengi hivyo.

Nisamehe sauti niliyoandikia. Maneno yenyewe siwezi kuyarudisha.

Wamenipa siku ya kikao. Ni wiki ijayo, Alhamisi. Najua barua yoyote utakayoandika sasa itafika kikao kikiwa kimeshapita. Najua pia unachotaka nijibu. Sijui kama nitaweza kukutii wala sijui kama nitaweza kutokukutii. Silali vizuri. Nimeung'arisha mlango kwa kuushika.

Niombee.

Sindano wako

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaisema. Ni mzima, goti linauma kidogo kwa sababu ya kusimama mlangoni. Nitakueleza kwa nini nasimama mlangoni.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilinikasirisha. Nilisema mtoto nimemsomesha arudi kuniangalia miguu. Niliiweka chini ya kitambaa, nikaitoa, nikairudisha. Na simu ulizopiga nilikuwepo. Nilikuwa natikisa kichwa, mjomba wako anakudanganya kwa ajili yangu, na kwa kazi hiyo tu ameongeza mabati mawili kwenye hesabu yake.

Basi siku moja anakuja mwalimu wa kwaya na kitambaa cha sketi za waimbaji wote. Akauliza bei. Nikatema pini mkononi. Nikataja.

Akacheka! Akasema, "Fundi, leo umeamkia upande gani?" Nikamwambia upande wa ukutani. Akanisubiri nicheke. Sikucheka. Akakunja kitambaa chake akaondoka. Wa pili naye nikamtajia, akasema atapita kesho, na kesho yake haijafika mpaka leo. Banda likapoa. Nikawa nasimama mlangoni kuangalia kama kuna mtu anakuja, ndiyo hilo goti. Nilikulaani kidogo, nikatubu hapohapo.

Mwalimu wa kwaya akarudi baada ya muda, na kitambaa kilekile. Akasema, "Haya, punguza basi." Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa, nimesimama wima kama askari. Lakini alivyoniangalia, mdomo ukafunguka wenyewe: "Wewe toa utakachoona." Akatoa. Unajua alichotoa. Nikashona.

Usiku sikuwaza sketi. Niliwaza kwamba mimi siwezi tena, mdomo umeshachukua umbo la pini. Uliniuliza nilikuwa naona ngapi. Nilikuwa naona, Sindano. Kila mara nilikuwa naona. Niliogopa mtu akisikia asirudi, na wewe ulikuwa chini ya meza unataka kula.

Hii barua nahisi haitakuwahi kabla hawajakuita. Wewe sasa huli kwenye meza yangu. Watajie. Wakikasirika wakasirike, mkasi wa pili upo.

Mama yako

16 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani kati ya masanduku. Mzima. Barua yako ilinifikia baada ya kikao, kama ulivyosema, na nililia kwenye ngazi za jengo mpaka jirani yangu wa meza akaja kunipa karanga, maskini, hakujua afanye nini kingine.

Nilitaja.

Nilikuwa nimepanga maelezo marefu ya kutangulia. Mkuu akauliza, nikayasahau yote, ikabaki namba peke yake. Na cheo: mhandisi, sahihi yangu mwenyewe. Baada ya hapo nilitaka sana kuongeza kitu, kupunguza, kusema natania. Nikajiuma shavu kwa ndani. Yeye akageuza karatasi zake.

"Lakini wewe ulikuwa umeridhika," akasema. Hakuwa na ubaya, alishangaa kweli.

"Nilikuwa sijasema," nikamwambia.

Waliomba siku chache. Wakarudi na nyongeza ndogo na cheo kilekile. Nikakataa. Jirani yangu akasema nina kichaa, kisha akaniandikia jina la kampuni nyingine kwenye karatasi ya karanga. Nimewapelekea maombi. Fomu yao ilikuwa na nafasi ya mshahara unaotarajiwa, nikaijaza ileile namba, kwa mwandiko unaosomeka. Wameona, na bado wameniita. Usaili ni siku mbili kabla ya kibali kuisha. Kwa hiyo nimefunga masanduku na sijayafunga. Nikihitaji soksi nafungua moja.

Usiwaambie watu kitu. Mjomba mwambie mabati yamekutana na dhoruba.

Nina ombi moja. Koti langu limeisha viwiko. Nikibaki baridi itanikuta, nikirudi nitahitaji la kutafutia kazi. Nataka unishonee jingine: la bluu iliyoiva, lenye bitana, na mfuko wa ndani wa kuwekea rula. Vipimo unavyo, ila kiuno punguza. Kitambaa nunua wewe.

Fundi, bei gani? Usiniambie nitoe nitakachoona. Nasubiri.

Binti yako,
Sindano

5 Julai

Kwa mteja wangu wa ng'ambo,

Marahaba. Sijui barua hii itakukuta dirishani kwako au itarudi kunifuata hapa ukiwa umekaa mbele yangu. Popote ulipo, kula. Kiuno hakipunguzwi, kinaongezwa.

Nimeanza mara nne kuandika kwamba kwa mtoto wangu nashona bure. Nimezichana zote. Mjomba wako ananiuliza kwa nini naandika nikiwa nimesimama.

Koti la bluu, bitana, mfuko wa rula, kitambaa changu: elfu tisini. Nusu kwanza, nusu ukilipokea. Hakuna kupunguza.

Pini nimeziweka mezani.

Mama yako, fundi